Kamba ya Ng'ombe na Mlango wa Nyumba

Na ijulikane kwa watu wote, wakubwa kwa wadogo, wenye nyumba na wanaolala kwa ndugu zao, kutoka milima ya Tarime hadi kingo za Mto Mara, kwamba katika mwaka wa 1956 wilaya ya North Mara ilikuwa na dalali mmoja tu wa nyumba, mheshimiwa Magige wa Nyarero, mtu wa busara nzito na maneno machache.

Wilaya ilikuwa pia na nyumba moja tu ya kuuzwa. Na maneno yake hayakuwa machache.

Kabla ya hapo Magige alikuwa dalali wa ng'ombe mnadani, kazi aliyoianza meno yake yote yakiwa bado mahali pake. Aliweza kumsifu fahali kilema hadi fahali mwenyewe akanyoosha shingo. Nyumba hakuwahi kuuza, wala hakumjua aliyewahi. Siku zile nani aliuza nyumba? Mtu alijenga, akazeeka ndani yake, akafa, nyumba ikaanguka taratibu, kwa heshima, na wanawe wakajenga nyingine kando. Ardhi ilikuwa ya ukoo, na cha ukoo hakiuzwi. Kwa hiyo Mokami, mjane wa Waitara, alipotangaza kwamba anauza nyumba yake ya bati, watu waliuliza kwanza kama anaumwa.

Hakuwa anaumwa. Alitaka kwenda Busawe, ng'ambo ya mto, kwa Gati, binti yake wa pekee. Gati alikuwa na mimba ya tatu. Mbili za kwanza ziliharibika, na safari hii alituma ujumbe kwa mdomo wa kila msafiri: mama aje. Mokami hakutaka kwenda mikono mitupu, wala kuiacha nyumba bila mtu, maana nyumba ya bati isiyo na mtu huezuliwa usiku mmoja na asubuhi kila jirani anashangaa. Shemeji zake walikaa, wakanywa, wakakubali: ardhi ibaki ya ukoo, mnunuzi awe mtu wa ukoo, lakini kuta na bati ni jasho la Waitara, basi mjane wake auze. Alichotaka Mokami ni ng'ombe wa maziwa mwenye ndama, avuke naye kabla ya masika. Masika yakianza Mto Mara hujaa, na ukijaa haumsikilizi mama wa mtu yeyote.

Magige akakubali kazi hiyo kabla hajaombwa. Sheria za udalali alizitoa kichwani palepale, kwa uso wa mtu anayekumbuka mambo ya mababu. Mnunuzi akitaka kuonyeshwa nyumba, atoe kuku. Huyo ni kuku wa njia, na harudishwi hata kama nyumba haikupendeza. Akinunua, atoe mbuzi wa moshi, lakini mbuzi huyo hatolewi mpaka mke wa mnunuzi awashe moto na moshi wa kwanza uonekane juu ya paa. Nyumba isiyotoa moshi wa mwenyewe, alisema Magige, haijauzwa, imezungumzwa tu.

"Na mimi muuzaji natoa nini?" Mokami aliuliza.

"Wewe hutoi kitu. Unampa dalali uji."

"Uji wa siku gani?"

"Siku za kazi."

"Na kazi itachukua siku ngapi?"

"Nyumba si mbuzi, Mokami," alisema Magige, akavuta kigoda karibu na moto.

Mnunuzi wa kwanza alikuwa mwalimu Stanslaus wa shule ya misheni, mtu msafi aliyevaa soksi hadi Jumamosi. Magige alifika mapema kumsaidia Mokami kuwasha moto. Alimsaidia kwa kinyesi kibichi cha ng'ombe na majani ya mkalitusi yaliyokatwa asubuhi hiyo. Mwalimu aliingia kwa hatua za mtu anayekwenda kukagua bweni, akatoka akilia. Waliopita njiani wakamvulia kofia, wakidhani amefiwa.

"Moshi huu uko kila siku, mzee?"

"Siku nyingine," Magige alimjibu kwa huruma, "unazidi."

Wa pili alikuwa Machage wa Susuni, aliyetaka kufungua duka. Yeye Magige alimleta saa ileile ng'ombe wa kijiji kizima wanapotoka kunywa maji. Walipita kati ya Machage na mlango, na kila mmoja aliacha alichokuwa nacho. Vumbi lilipotulia Machage alikuwa na rangi moja na ukuta.

"Wateja wangu ndio hawa?"

"Hao ndio wenye mali hapa kwetu," alisema Magige.

Kila mnunuzi alipoondoka, Mokami aliuliza amesemaje, na kila mara Magige alimtungia jambo. Mwalimu amesema bati limechoka. Machage amesema kuta zimepasuka. Mokami hakubishana. Asubuhi yake alikanda udongo na samadi, akapaka kuta upya kwa mikono yake, pole pole, akipumzika katikati. Magige alimtazama akipaka. Akatazama pembeni.

Na kuku? Kila kuku wa njia Magige alimpeleka kwa Mokami mwenyewe, akamwambia, "Pika, leo kazi imenichosha." Wakala pamoja jioni, mlango wazi, milima ya Nyarero ikigeuka buluu. Hapo ndipo palipokuwa na siri yote, kama mtu angetaka kuiona. Kwa sababu bati lile Magige alilijua kuliko alivyojua mgongo wake.

Yeye na Waitara walikuwa rika moja, walitahiriwa msimu mmoja, wakaogopa pamoja, kisha wakakana woga huo pamoja. Waitara aliporudi kutoka machimbo ya dhahabu na fedha zake, akasema atajenga nyumba ya bati, ya kwanza upande ule, wazee walicheka: mtu gani analala chini ya sufuria? Mabati yalikuja kwa meli hadi Shirati, bandari ya ziwani. Kutoka Shirati yalikuja juu ya vichwa vya Magige na Waitara, safari baada ya safari. Safari ya mwisho mvua iliwakuta porini, giza linaingia, hakuna mti wa maana. Wakakaa chini wakishikilia mabati juu ya vichwa vyao, bega kwa bega, mvua ikipiga ngoma ambayo hawajawahi kuisikia. Waitara alicheka hadi akapaliwa. "Magige," alipiga kelele, "nyumba yangu imeanza kukaliwa kabla haijajengwa!"

Na ilipojengwa, siku ya mvua ya kwanza, watu waliacha kazi wakaja mbio. Walijaa ndani, wazee waliocheka wakiwa mbele, wakatazama juu midomo wazi, wakisikiliza. Hakuna aliyeweza kusikia jirani yake anasema nini, na hiyo peke yake, alisema Magige baadaye, ilileta amani kijijini kwa siku nzima. Mokami alikuwa bibi harusi bado. Alipika ugali wa ulezi kwa watu wote wale na hakumfukuza hata mmoja.

"Unakumbuka bati nililoangusha?" Magige aliuliza jioni moja, akinyonya mfupa wa kuku wa Machage.

"Lile lenye kibonde, juu ya kitanda? Nitalisahauje, na tone lake linanipata kwenye paji la uso mwaka wa ngapi huu."

"Waitara alitaka kunipiga."

"Alikupiga."

"Alinigusa tu."

Mokami alicheka. Alikuwa amebaki na kicheko kilekile, kifupi, kinachoanzia puani. Magige alikuwa mjane pia. Wanawe walikuwa kazini mbali, na nyumbani kwake jioni palikuwa na paka na ukimya, na paka naye hakuwa mwaminifu. Duniani alikuwa amebaki mtu mmoja wa kumwambia "unakumbuka", akajibiwa "nakumbuka".

Ndipo akaja Nashoni.

Nashoni alikuwa amepigana Burma, kisha akachuma chai Kericho miaka mingi, na sasa alikuwa amerudi na mke wake Bernadetha, ng'ombe mmoja mzuri mwenye ndama, na akiba. Alikuwa mtu wa ukoo, kama wawili wale wa kwanza. Alikuwa mrefu, mtaratibu, na alikuwa na tabia mbaya sana kwa kazi ya dalali: aliridhika upesi.

"Shikamoo, tata," alisema, kwa heshima ya mtu anayemwita baba.

"Marahaba, mura," alijibu Magige, kama mzee kwa kijana. "Kuku yuko wapi?"

Nashoni alimtoa kuku chini ya koti. "Nilitaka nione kama utauliza hali yangu kwanza."

"Hali yako naiona. Ya kuku ndiyo imejificha."

Magige alikuwa ameshaandaa moshi. Nashoni aliingia, akasimama katikati ya wingu lile, akavuta pumzi. "Huu ni moshi? Burma tulikunywa moshi kama chai. Na sisi sasa tunalala jikoni kwa kaka yangu, tata, mbuzi upande wa kichwa, kaka upande wa miguu. Hapa ni Nairobi." Wakatoka nje, na kama ilivyopangwa ng'ombe wakapita. Nashoni akawasalimia mmoja mmoja. Mmoja akamlamba. "Mahali pazuri," alisema. "Mtu anaamka anaona mali." Kisha akamgeukia Mokami kwa adabu zote. "Mama, ng'ombe wangu na ndama wake ni wako, na shilingi kidogo juu yake kama shukrani. Nyumba hii imepakwa na mtu anayeipenda."

Mokami alishika ukingo wa mlango. "Lete mkeo aione," alisema.

Magige alimsindikiza Nashoni hadi kijitoni, na njia nzima kichwa chake kilikuwa kinachemka. Moshi umeshindwa. Ng'ombe wameshindwa. Kesho kutwa mtu huyu ataleta mke na chungu, moshi utatoka, Mokami atavuka mto, na jioni itabaki jioni. Katika shida hiyo akakimbilia kitu alichokijua vizuri kuliko vyote, yaani mnada.

"Mura," alisema, akasimama. "Unajua kwamba kamba ya ng'ombe haiuzwi."

"Nani asiyejua? Ukiuza ng'ombe unafungua kamba yako, unarudi nayo nyumbani, baraka ya zizi isiondoke na mnyama."

"Vizuri. Na nyumba je?"

"Nyumba haina kamba."

"Ng'ombe anafungwa kwa nini?"

"Kwa kamba."

"Na nyumba inafungwa kwa nini?"

Mtu mwingine yeyote, mtu wa mjini kwa mfano, angecheka. Lakini Nashoni alikulia nyuma ya mikia ya ng'ombe, na kwake neno lile liliingia kama shoka kwenye mpini wake.

"Kwa mlango," alisema taratibu.

"Kwa mlango. Kwa hiyo Mokami ataondoka na mlango wake. Usimtajie, ni jambo zito kwa mjane, litamliza. Lakini ujue. Fundi wa mlango huku hayupo, na fisi wetu unawafahamu, hawabishi hodi." Magige alimpiga begani kwa upole. "Fikiria, mura. Hata usiponunua, hakuna atakayekulaumu."

Nashoni aliondoka kichwa chini. Magige alirudi kwa Mokami akiwa ameukunja uso wake ili ufanane na habari.

"Naye amesitasita," alisema.

"Kwa nini? Si alisema yeye mwenyewe..."

"Wanasema hivyo mbele ya mwenye nyumba. Njiani amesema paa."

Mokami alitazama juu, kwenye bati. "Basi," alisema, "labda Mungu hataki niende."

Magige alikunywa uji wake.

Mawingu yakaanza kujipanga upande wa ziwa. Akapita msafiri kutoka Busawe, akakaa kidogo, akasema Gati amekuwa mzito, halali, kila asubuhi anatazama njia ya mtoni. Mokami alifunga nguo zake kwenye kitambaa, akazifungua, akazifunga tena. Magige aliyaona yote hayo akiwa juu ya kigoda chake. Mara mbili alifungua mdomo aseme jambo, na mara zote mbili akasema, "Unakumbuka..." Mara ya pili Mokami hakujibu.

Asubuhi ya Jumanne watoto walisikika wakipiga kelele njiani. Mlango ulikuwa unakuja.

Ulikuja wenyewe, ungedhani, ukipanda mlima polepole, mlango mzima wa mbao nene wenye bawaba na komeo, na chini yake miguu miwili ya Nashoni. Nyuma yake Bernadetha, chungu kichwani na kaa la moto kwenye kigae. Nyuma yao ng'ombe na ndama.

"Nimetoka nao Migori!" Nashoni alisema, akiuegemeza ukutani na kujifuta jasho. "Pale Sirari, mpakani, wameniuliza kama nimeiba mlango au nimesahau nyumba. Shikamoo, mama. Shikamoo, tata. Tata, mbona umekaa hivyo? Mbuzi wako anakuja, kaka yangu anamleta."

"Marahaba," alisema Magige. Ilitoka kama sauti ya mtu mwingine.

Mokami alikuwa tayari anamshika ng'ombe masikio, anamtazama macho, anampapasa kiwele, na uso wake ulikuwa wa yule bibi harusi wa siku ya mvua. Nashoni akafungua kamba shingoni mwa ng'ombe, akaikunja, akaiweka begani, kama desturi. Bernadetha akamkabidhi Mokami kamba mpya ya katani waliyomsukia njiani.

"Haya, mama," alisema Nashoni, kwa sauti ya heshima kubwa. "Mimi nimechukua kamba yangu. Na wewe uchukue mlango wako. Nitakusaidia kuung'oa. Nilitaka tu nyumba isilale wazi hata usiku mmoja."

"Mlango gani?" alisema Mokami.

"Wako. Wa nyumba."

"Niuchukue niupeleke wapi? Busawe hawana milango?"

"Mama, kamba ya ng'ombe haiuzwi, na mlango ni kamba ya nyumba. Hatukutaka kukuliza." Nashoni akamgeukia dalali, kama mtoto anayemtazama mwalimu ili asaidiwe. "Tata alinieleza vizuri sana."

Ndama alipiga chafya.

"Magige," alisema Mokami.

Magige aligundua kwamba kiatu chake kina vumbi, akaanza kulishughulikia.

"Magige. Huyu mtu hakusema neno juu ya paa?"

"Mimi?" Nashoni alishtuka. "Paa hili? Mama, paa hili ndilo lililomfanya mke wangu akubali kurudi kutoka Kericho!"

"Na mwalimu? Alisema bati limechoka?"

Magige angeweza kutunga jambo. Alikuwa nalo ulimini tayari, zuri, lenye mikono na miguu. Lakini Mokami alikuwa ameweka viganja vyake wazi mbele yake, bila kujua, na kwenye mistari ya viganja hivyo udongo wa ukutani ulikuwa umekwama, ule ambao maji hayatoi.

"Mwalimu hakusema lolote," alisema Magige. "Alikuwa analia. Mimi ndiye niliyeweka kinyesi kibichi motoni. Na ng'ombe, saa ile, ni mimi. Na mlango ni mimi."

"Kwa ajili ya kuku!" Bernadetha alipigwa na butwaa. "Mzee mzima!"

Ilikuwa nafasi nzuri. Mzee mlafi husamehewa, watu humcheka wakaendelea na safari zao. Magige aliitazama nafasi hiyo jinsi mtu anavyotazama kivuli njiani, kisha akaipita.

"Laiti ingekuwa kuku," alisema. "Kuku wote tulikula naye." Akasimama. Magoti yake yalilia. "Mokami, ukiondoka nitamwambia nani 'unakumbuka'? Nani mwingine anajua kwamba tulilala tumebeba paa hili vichwani, na Waitara akicheka? Nikimsimulia huyu mura atasema, 'Ndiyo, tata,' kwa adabu. Lakini hakuwepo. Nikasema mvua ikianza kabla nyumba haijauzwa, basi, utabaki hadi kiangazi. Nitakunywa uji hadi kiangazi. Hivyo tu."

Mokami alimtazama. Kule upande wa ziwa ngurumo ilijiviringisha mara moja, mbali, ikanyamaza.

"Na Gati?" aliuliza. "Ulipokuwa unakunywa uji wangu, hukumfikiria Gati?"

"Nilimfikiria."

"Yule msafiri alipokuwa anasema, ulikuwa umekaa hapo."

"Nilikuwa nimekaa hapa."

"Ulijua mto unakaribia kujaa."

Hapo dalali mkuu wa nyumba wa wilaya ya North Mara alivua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili mbele ya tumbo.

"Nilijua," alisema, lakini aliisemea kofia.

"Sema uso juu," alisema Mokami, tayari akimfunga ng'ombe kamba mpya ya safari. "Nashoni ndiye mwenye nyumba sasa, naye asikie."

Magige akainua uso. Bernadetha alikuwa ameshainama jikoni na kaa lake, na nyuzi za kwanza za moshi, mwembamba, msafi, zilikuwa zinatafuta njia kupitia paa.

"Nilijua," alisema Magige.